Marashi Nyuma ya Pazia

Nyumba isiyolaliwa huharibika harufu haraka kuliko samaki. Nasema hivyo mimi niliyekaa Homa Bay miaka ya tisini, wakati wanawake wakikaanga mgongo wazi kando ya barabara tangu asubuhi hadi jua linapozama. Mgongo wazi ni mbuta aliyekwisha kunyang'anywa minofu yake yote viwandani, akabaki kichwa na mifupa, na sisi wenye ziwa ndio tuliouziwa mifupa. Moshi wake uliingia hata kwenye suruali nilizoshona. Lakini ukisikia harufu ya samaki, hata aliyeoza, unajua kuna watu karibu. Nyumba iliyofungwa hunuka popo, panya, mchwa na unyevu, na chini ya hayo yote kuna harufu nyingine ambayo mimi naiita ukiwa, kwa sababu sina neno jingine.

Nyumba ninayoizungumzia ilikuwa ya mama yangu, nje kidogo ya Magunga, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaviona vilima vya Ruma. Baba alikufa tukiwa wadogo. Tulizaliwa wengi, tukakua wawili: dada yangu mkubwa na mimi. Dada aliolewa na Mkuria mmoja mpole huko Migori, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Mimi nilikuwa fundi cherehani mjini Homa Bay, sijaoa, na kila nilipopata nafasi nilirudi Magunga kufungua milango na kuangalia kama paa bado liko.

Kwetu Wajaluo, mtoto wa kiume akishapevuka hutoka katika nyumba ya mama na kujenga simba, kibanda chake cha ujana, karibu na lango la boma. Hata kabla ya hapo hulala kwenye mkeka sebuleni, na tangu siku hiyo kwa mama yake hukaribishwa sebuleni humo tu. Lile pazia linalotenga sebule na chumba cha mama halivuki tena. Mtoto wa kike ni kinyume. Hata akiolewa na kuzaa, akirudi nyumbani hulala kwa mama yake, nyuma ya pazia lilelile. Kwa kaka yake hawezi kulala, ni mwiko. Kwa hiyo mama akishafariki, binti hana kitanda kingine nyumbani ila kile alichokiacha mama. Na nyumba ya marehemu ikianguka, imeanguka, hakuna anayemjengea nyingine.

Hapo ndipo hofu yangu ilipokuwa. Tangu tumzike mama, dada alikuwa hajarudi hata mara moja. Nilijua kwamba nyumba ile ikianguka hatakuwa na pa kufikia, na nikimkosa dada sina mtu. Jamaa wa kusalimiana nao walikuwapo, wa kunikaripia nisipokula hawakuwapo.

Krismasi ya mama ilikuwa ikianza kwa kusiriba. Alichanganya kinyesi kibichi cha ng'ombe na majivu na udongo mweusi, akapaka sakafu kwa kiganja, nusu duara baada ya nusu duara, akirudi kinyumenyume mpaka akatokea mlangoni. Ikikauka, nyumba ilinukia usafi. Wasiojua hukunja pua wakisikia habari ya kinyesi, lakini aliyelelewa kwenye sakafu hiyo hakunji. Juu ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, tamu yenye uchachu wa limau, iliyokuja kutoka upande wa pazia mtu akishakaa kidogo. Mama alikuwa na kichaka cha mchaichai nyuma ya nyumba, na kila mgeni alipewa chai yake, basi mimi nilidhani ni chai. Mtu haulizi juu ya harufu ya kwao.

Mjini, cherehani yangu ilikaa barazani pa duka la mama mmoja Mswahili, mjane, aliyeletwa Homa Bay na marehemu mumewe kutoka pwani, akazoea akabaki. Sikukuu ya Idi ilipofika alifukiza udi nyumba nzima, mapazia, mito, mpaka leso zake kabatini, kabla mgeni wa kwanza hajapiga hodi. Mimi alinikaribisha kila mwaka. Nilikuwa nikila pilau yake nikiwa nimekaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa na chifu.

"Fundi, mgeni hukaribishwa na pua kwanza," aliniambia. "Miguu hufuata."

Nilikuwa narudi chumbani kwangu shati likinukia udi, na kwa muda ule mfupi nilijihisi mtu mwenye watu. Shati hilo sikulifua upesi. Nalisema bila aibu, upweke wa mjini ni kitu kinachomfanya mwanamume mzima anuse kola yake mwenyewe.

Mwaka mmoja, Desemba ikikaribia, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa akipeleka mzigo wake Migori aliniletea salamu. Dada alikuwa amemwambia: mwambie ndugu yangu krismasi hii nakuja, na mtoto, nitalala kwa mama. Mtoto mwenyewe alikuwa wa kike, bado mgongoni, na alikuwa amepewa jina la mama. Nilimshonea yule mchuuzi sketi bure kwa furaha, naye akaniambia habari njema zikizidi atakuwa ananiletea kila wiki.

Nilipomweleza mama mwenye duka, aliingia ndani akatoka na kipande cha udi kilichofungwa kwenye kitambaa, na kitezo cha udongo chenye ufa. Nilishukuru, nikavipokea. Kisha nikakaa navyo pale kwenye cherehani nikawaza. Magunga wakiona moshi wenye harufu ngeni ukitoka katika nyumba ya marehemu, watasema fundi ameleta mganga kutoka pwani. Wasabato watafunga kuniombea na wasiokuwa Wasabato watakuja kuniomba dawa. Jioni nilimrudishia kitezo chake na udi wake kwa maneno ya adabu. Badala yake nikanunua chupa ndogo ya marashi ya kijani, yale yaliyokuwa yakiuzwa kila duka karibu na sabuni. Nilijisifu kwamba nimepata njia ya katikati.

Nilienda nyumbani mapema. Niliwafukuza popo, nikabomoa vichuguu vya mchwa ukutani, nikatoa godoro juani. Kisha nikakunja suruali nikasiriba sakafu ya sebule kwa mikono yangu. Kwetu hiyo ni kazi ya wanawake, na wanawake waliokuwa wakipita kwenda kisimani hawakuninyima maoni yao.

"Yawa, fundi!" mmoja alipaza sauti. "Sasa wewe utaolewa lini?"

"Nikipata mwenye ng'ombe wa kutosha," nikamjibu.

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Nami nilicheka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi boma lile lilisikia kicheko. Chumba cha ndani alikisiriba mamdogo, yaani mke wa mdogo wake baba, ambaye boma lake limepakana na letu. Ndiye pia aliyetandika kitanda, Ijumaa mchana, kabla Sabato yake haijaingia. Mamdogo alikuwa Msabato wa kweli. Jumamosi usingemwona nyumbani hata kungekuwa na moto.

Na dada alikuwa anakuja Jumamosi.

Asubuhi hiyo nilifagia uwanja, nikakata tawi la mberoshi nikalisimamisha kwenye mkebe, nikapachika juu yake vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kushona. Nilinusa. Sebule ilikuwa na harufu nzuri ya sakafu mbichi na mberoshi. Lakini kutoka nyuma ya pazia ulikuwa bado unakuja ule ukiwa. Mamdogo alikuwa amefanya kazi yake, ila miaka ya kufungwa haiondoki kwa siku moja. Nikachukua marashi yangu.

Kuvuka pazia nisingeweza. Nilisimama kando yake, nikageuza uso pembeni kwa heshima, nikaingiza mkono peke yake. Mkono ukanyunyiza kitanda nisichokiona. Nikanyunyiza tena, maana sikuwa na namna ya kujua yamefika wapi, kwenye mto au ukutani. Mtu anayenyunyiza bila kuona hatosheki. Nilipoutoa mkono, chupa ilikuwa tupu, na harufu ilikuwa inatoka mle ndani kwa nguvu, nami nikaona hapo sasa, hata wa pwani watanivulia kofia.

Dada alifika alasiri, mtoto mgongoni, mfuko wa ndizi mkononi. Alikuwa amekonda. Tulisalimiana kwa mikono yote miwili, tukaulizana habari za njia na za mvua, tukaogopa wote wawili kumtaja mama. Alisimama uwanjani akaitazama nyumba. Aliona kuta zimekarabatiwa, akaona kizingiti kimesiribwa, macho yake yakalainika.

"Owadwa," alisema, ndivyo tunavyomwita kaka, "umefanya kazi."

"Ingia," nikamwambia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Alivua viatu akaingia. Alisifu sakafu. Aliucheka mti wangu wa mberoshi. Kisha akaenda kwenye pazia, akalishika kwa mkono mmoja akalifungua, na hapo akasimama. Nilimwona kwa nyuma. Mgongo wake ulikakamaa chini ya mbeleko, na mtoto, ambaye alikuwa amelala, akaanza kulia. Dada hakumbembeleza. Aliliachia pazia, akarudi kinyumenyume mpaka nje, vile mama alivyokuwa akirudi akisiriba, na alipofika uwanjani akauliza kwa sauti ya chini sana:

"Nani amekufa?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa nyumba iliyopambwa upya na marashi mengi. Kisha nikamwona amekaa chini kwenye vumbi na miguu yake imenyooka mbele, vile wanawake wetu wanavyokaa msibani, na kicheko kikanikauka.

"Hakuna aliyekufa. Nimekupambia nyumba, nyaminwa. Dada yangu, nimekukosea nini?"

"Harufu hii ni ya mama," alisema.

"Mama hakuwa na marashi maisha yake yote."

"Alipakwa akiwa hawezi kukataa."

Ndipo akanieleza, akiwa amekaa palepale, huku akimpa mtoto ziwa. Siku mama alipoletwa kutoka hospitali ya Homa Bay, alilazwa chumbani kwake, na kama desturi ilivyo, wanawake walikaa naye ndani na wanaume wakakaa nje kwenye moto. Kulikuwa na joto. Wanawake walikuwa wamekuja na chupa zao za marashi ya kijani, wakanyunyiza shuka, mto, kuta, wakanyunyiza tena kila harufu nyingine ilipoinuka. Dada alikaa pale pembeni ya kitanda mpaka mama alipotolewa kwenda kuzikwa. Tangu hapo, alisema, hata muuzaji wa duka akipita karibu naye amejipaka yale marashi, hutoka nje ya duka bila kununua chumvi aliyoifuata.

"Ninyi mlikuwa nje na moto wenu," alisema. "Sisi tulikuwa naye ndani."

Ni kweli nilikuwa nje. Nilikuwa nimekaa na wanaume, nikipokea mikono ya pole, nikikohoa moshi wa magogo, na kilichonibakia mimi kama harufu ya kifo cha mama ni moshi na vumbi la ng'ombe. Watoto wawili wa mama mmoja, tumefiwa siku moja katika boma moja, na kila mmoja alifiwa upande wake wa ukuta.

Nilifungua madirisha yote, la chumbani nikalivuta kutoka nje. Nikatamani kulitoa godoro nje, nikakumbuka pazia, nikasimama. Mamdogo aliporudi kutoka kanisani alisikia harufu tangu langoni, akashika kiuno, akanitazama kama mtu aliyeokota mtoto mjinga sokoni.

"Wewe nyathina, mwanangu," alisema, "ungeningoja tu."

Dada alilala kwa mamdogo. Krismasi tulikula pamoja uwanjani, kuku na ugali, na hakuna aliyeketi sebuleni. Siku iliyofuata akafunga mizigo. Kabla ya kuondoka alizunguka nyuma ya nyumba na jembe, akang'oa shina la mchaichai pamoja na mizizi, akalifunga kwenye karatasi ya nailoni. Nikamwambia hata Migori kuna majani ya chai. Akatabasamu kidogo. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi, nikakaa simbani kwangu nikiutazama ule mlango wazi wa mama. Niliona hasira. Sikumkasirikia dada, niliikasirikia ile chupa, na mkono wangu, na desturi zinazomruhusu mtu kumpenda mama yake mpaka kwenye pazia tu.

Desemba zilizofuata niliendelea kusiriba. Marashi sikununua tena. Nilifungua mlango, nikawasha moto jikoni, nikangoja. Mwaka mmoja dada alikuwa mjamzito. Mwaka mwingine mumewe aliugua. Kila mara yalikuja maneno ya kweli, nami kila mara niliyasikia kama neno moja: siji. Mamdogo aliniambia si niende mimi Migori, barabara ni hiyohiyo. Nilikataa. Nilimwambia nyumbani hakumfuati mtu, mtu ndiye hufuata nyumbani. Nilikuwa na kichwa kigumu, na mtu mpweke akishashika neno la kujivunia haliachi, maana ndilo analolala nalo.

Kisha zikaja mvua zile kubwa za mwisho wa mwaka, zilizokata madaraja na kuvimbisha ziwa. Nilikuwa mjini, nikitandaza magunia kuzuia maji yasiingie kwenye cherehani. Nilipofanikiwa kufika Magunga, ukuta wa upande wa chumba ulikuwa umelala chini na paa limeukalia. Lile pazia lilikuwa linaning'inia kwenye boriti, nje, kila mtu analiona. Nilisimama mbele yake nikiwa na haki ya kuingia sasa, kwa sababu hapakuwa tena na ndani.

Nilimtuma yule mchuuzi wa omena: mwambie dada nyumba imeanguka. Nilitaka aumie kidogo. Mchuuzi alirudi na jibu.

"Amenipa maji kwanza," aliniambia. "Halafu amesema, basi njoo wewe."

Sikwenda mara moja. Nilimaliza nguo za wateja, nikajitafutia sababu, nikashona gauni la mtoto, nikalifumua kola nikaishona upya. Krismasi iliyofuata ndipo nilipofunga safari ya Migori. Nyumba ya dada ilikuwa ya mabati, imepakwa chokaa, mahindi yamesimama mpaka mlangoni. Shemeji alinipokea begi. Yule mtoto wa mgongoni, sasa anakimbia na kuagiza watu, alinipa shikamoo kwa Kiswahili safi cha mpakani, akanyang'anya gauni lake. Dada alinitazama viatu vilivyojaa tope, akanikaripia kwa nini nimekonda, akaniwekea chakula. Nilikula nikamaliza sahani.

"Umechoka," alisema. "Nenda ukajinyooshe kabla ya chai. Chumba ni kile."

Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda kimoja na pazia la maua mlangoni. Nilisimama kwanza, kwa mazoea. Kisha nikapita. Nilivua shati, nikakaa kitandani, nikajilaza, na godoro lilipobonyea chini ya uzito wangu ikapanda ile harufu. Tamu, yenye uchachu wa limau. Haikuwa chai. Ilikuwa inatoka chini yangu.

Niliinua godoro. Majani ya mchaichai yalikuwa yametandazwa juu ya mbao za kitanda, mabichi, marefu, yamepangwa upande mmoja.

Nilitoka nikiwa na vesti. Dada alikuwa jikoni akichochea moto, hakugeuka.

"Ni wewe umeyaweka?"

"Mama alituwekea kila krismasi," alisema. "Asubuhi, kabla wageni hawajafika. Mgeni akilala, yanaamka. Hukujua?"

"Ningejuaje? Mimi sikuwahi kulala pale."

Hapo ndipo alipogeuka. Alinitazama, jani la mchaichai mkononi, na nikaona kwamba naye hakuwahi kulifikiria jambo hilo hata siku moja. Alifuta mikono kwenye leso.

"Rudi ukalale, owadwa," alisema. "Chai nitakuletea."

Nilirudi. Nililivuta pazia, nikajilaza kifudifudi, nikageuka huku na huku ili majani yaendelee kuamka. Kule sebuleni mtoto mwenye jina la mama alikuwa anaimba peke yake na gauni lake jipya. Nililia, nikiwa ndani.